Siku Nukta Aliposafisha Diski

Mtaani kwetu anaitwa Nukta, na jina hilo hakupewa bure. Miaka ile alipokuwa ameajiriwa, programu ya kompyuta aliyoiandika ya kupanga zamu za walinzi iligoma siku tatu kwa sababu ya nukta moja iliyosahaulika. Siku tatu hakunyoa wala hakuongea na mtu. Alipoipata alitoka mbio mpaka kwa wauza vocha akipiga kelele kama aliyefunga goli. Wakamwuliza ameokota nini, akajibu, "Nukta!" Basi, likamganda. Hata mkewe humwita hivyo. Mama mkwe wake tu ndiye aliyeona haya kumtaja mkwe kwa jina la mtaani, akawa anamwita "baba".

Mimi namfahamu kutokea upande wa kaunta. Nauza kompyuta zilizokwisha kutumika pamoja na vipuri vyake, na watu huniita Mama Bei kwa kuwa mtu akinipa salamu ndefu mimi humjibu kwa bei. Sikuanza na duka. Nilianza na chaja sita juu ya boksi, na kila hatua kutoka pale nimeipiga kwa kukataa punguzo. Nukta alikuwa mteja msumbufu, wa kuuliza maswali kumi anunue waya mmoja, lakini maswali yake yalikuwa ya mtu anayeijua kazi, na hayo nayapenda.

Alikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Meza yake ya kazi ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa ndilo lililopitisha nyaya. Mkewe, fundi cherehani, alikaa dirishani. Kila walipowasha mashine ya kuchomelea upande wa pili, umeme ulilegea, cherehani ikapunguza mwendo na kompyuta ikalia. Chumba cha ndani alilala mama mkwe, mjane, mwenye miguu ya kuvimba na masikio mazima.

Kompyuta aliinunua kwangu. Ngumu kama sanduku la askari, herufi za kibodi zimefutika, diski ya aina mpya isiyozunguka, giga mia mbili hamsini na sita. Nilimwambia achukue yenye nafasi mara mbili. Akasema, "Dada, mimi naandika maandishi, sihifadhi filamu. Maandishi hayajazi diski."

Kweli, maandishi hayajazi. Kinachojaza ni mizigo inayofuatana nayo, na watu wa kazi ile huisahau mizigo hiyo kama wewe unavyosahau vitu ulivyorundika chini ya kitanda.

Kazi iliyomponza aliipata kwenye ofisi ya mji. Barabara kubwa ilikuwa inapanuliwa, na ingepita katikati ya makaburi ya umma, sehemu ya nyuma, wanakolala wasio na mawe wala saruji. Makaburi elfu moja mia nne na kumi na mawili. Vibao vya namba, vya bati, vilishang'olewa zamani na wauza chuma chakavu, mvua imesawazisha udongo, na kilichobaki cha kujulia nani yuko wapi kilikuwa vitabu kumi na vitatu vya karani, vilivyoliwa na mchwa pembezoni na kulowa katikati. Nukta alitakiwa kuviingiza vyote kwenye kompyuta, kuchora ramani ya safu, kisha kumchapia kila mwenye ndugu kikaratasi: safu fulani, namba fulani. Siku ya kufukua, mwenye kikaratasi angesimama kwenye kaburi lake, na mifupa ya ndugu yake ingehamishiwa kaburi jipya lenye jina. Wasio na mtu wa kuwasimamia wangezikwa shimo moja.

Walifanya kazi hiyo miezi kumi na moja, yeye na karani wa makaburi, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Karani anasoma kwa sauti, Nukta anagonga. Kila ukurasa aliupiga picha vilevile, ili akitilia shaka jina arudi kuuangalia. Majina na picha viliwekwa pamoja kwenye kompyuta yake. Mtandaoni hakupeleka, kwa sababu mkataba ulikataza habari za marehemu wa watu kutoka nje ya mashine ile, na Nukta akiambiwa usifanye, hafanyi.

Mwezi wa saba wa kazi hiyo aliwahi kurudi nyumbani mchana, akasimama kwenye mlango wa chumba cha ndani.

"Mama, nimemwona."

Mama mkwe hakuuliza nani. Binti yake wa kwanza alikufa akiwa na miaka minne, wiki ileile mama mwenyewe alipokuwa hospitali kujifungua huyu fundi cherehani. Mumewe ndiye aliyezika. Baadaye alimpeleka mara moja akamnyooshea kidole, "Pale," na pale palikuwa majani matupu. Mume naye akafa. Kwa hiyo mama huyu alikuwa na mtoto aliyezikwa mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwake, naye hajui mahali.

"Yuko kitabu cha nne," Nukta akamwambia. "Jina lake, jina la baba yake, na tarehe. Safu ya tisa."

"Nipeleke."

"Subiri ramani ikamilike, mama. Nitakuletea karatasi yenye namba, twende bila kubahatisha."

Akasubiri. Mkewe ananiambia mama alianza kuulizia karatasi ile kama watu wanavyoulizia majibu ya vipimo: bila kuitaja.

Kazi ilipokamilika, ofisi ilimpa Nukta fomu atie saini kwamba vitabu vyote vimeingizwa na vimehakikiwa. Akatia. Wiki hiyohiyo wapima barabara walihitaji chumba, na chumba kilichopatikana ni kile cha vitabu. Karani akaamriwa akitoe uchafu. Vitabu vilivyooza, na saini ya mtaalamu ipo, vya nini tena? Vilichomwa kwenye pipa nyuma ya ofisi, karani mwenyewe akivigeuza kwa fimbo ili vishike moto vizuri.

Sasa tuje kwenye Alhamisi.

Vikaratasi vilitakiwa ofisini Jumatatu. Saa nne asubuhi Nukta aliingia dukani kwangu na kompyuta kwapani.

"Dada, diski ya nje, ile ya kubebea, unaitoaje?"

"Hatutoi hapa, tunauza."

"Haya, unaiuzaje?"

Nikamtajia. Akavuta hewa kama aliyekanyaga msumari.

"Hiyo ni bei ya diski au ya duka?"

"Duka ni ghali zaidi. Chukua diski."

"Nipunguzie basi."

"Nimeshapunguza kichwani kabla sijakutajia."

"Niazime, dada. Mpaka Jumatatu tu. Diski yangu imejaa pomoni, haichapi ramani. Nahamishia vitu vyangu humo, nachapa, nakurudishia."

"Nikikuazima nitaiuza kama iliyotumika."

"Kila kitu humu dukani kimetumika!"

"Ndiyo maana sitaki kitumike mara mbili."

Akacheka. Mimi pia nilicheka. Diski ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu, na ningeinua mkono ningeifikia. Sikuinua. Ningemwazima kila anayeomba, leo ningekuwa bado na boksi langu la chaja. Nasema ilivyokuwa, sijitetei.

"Basi nitasafisha," akasema. "Nipe kona na soketi."

Nikampa kona ya kaunta. Kwanza alinionyesha uchafu wenyewe, kama mtu anayeona fahari jinsi stoo yake ilivyovurugika. Kulikuwa na folda za kazi zilizokufa: programu ya kwaya ya shule, ya tiketi, ya muuza maua aliyefilisika kabla haijakamilika. Ndani ya kila folda, maelfu ya faili.

"Hizi zote uliandika wewe?"

"Wapi! Hizi za watu. Ukitaka programu ya kuhesabu siku tu, inabidi upakue vipande vya watu elfu moja usiowajua."

"Na unavitumia vyote?"

"Labda vitatu."

Akafuta. Kulikuwa na simu nne za kuigiza, za kujaribia programu, kila moja imekula giga nane na haijapigiwa na mtu mwaka mzima. Akafuta. Mabaki ya programu zilizojengwa na kujengwa upya, kumbukumbu za makosa ya miaka miwili. Akafuta. Kila akimaliza rundo alisoma nafasi iliyopatikana kwa sauti, kama kondakta anayeita vituo. Saa sita akawasha kuchapa. Ramani ikaanza kujichora, ikafika robo, ikakwama. Diski imejaa.

"Haiwezekani," akasema. "Nimetoa giga hamsini sasa hivi."

Akatafuta nani amezila giga hizo. Akapata. Kumbe yeye mwenyewe, kwa woga wake wa kupoteza kazi ya miezi kumi na moja, aliiagiza mashine itoe nakala ya majina na picha zote kila saa. Kila saa! Na nakala hizo zilikaa kwenye diski ileile, ndani ya folda aliyoiita "muda". Kila akifungua nafasi, saa inagonga, nakala nyingine inaingia na kuketi. Folda hiyo peke yake ilishika karibu nusu ya diski.

"Uangalifu wako ndio unaokula," nikamwambia.

"Nafuta hizi," akasema. "Asili ipo."

Nami sikuona ubaya. Nakala hata ziwe mia za kitu kimoja, zikiwa ndani ya sanduku moja, sanduku likizama zinazama zote. Akasimamisha kazi ya kunakili, akaifuta folda yote. Nafasi ikapatikana tele. Kama angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini mashine ilikuwa imechoka, inapumua kwa nguvu kama gari mlimani, na Nukta alipenda kazi iliyonyooka. Watu wa kazi yake hawaachii programu huru ndani ya kompyuta. Kila programu huifungia kwenye kontena, kama mpangaji chumbani kwake, na vitu vya thamani vya mpangaji hukaa stoo ya pembeni. Stoo inajulikana ni ya nani kwa sababu mpangaji yupo. Nukta, ili mashine ipumzike, aliyasimamisha makontena yote na kuyaondoa. Huwa wanafanya hivyo kila siku, kwani kontena linarudishwa kwa amri moja. Kisha, kwa kuwa alishashika ufagio, akaamuru mashine ifagie vyote visivyotumika, pamoja na stoo.

Mashine ilimwuliza kama ana hakika. Iliandika mistari minne au mitano ya onyo. Mtu aliyewahi kutafuta nukta siku tatu hakuisoma. Aligonga herufi moja ya kukubali huku akinigeukia kuniambia kitu kuhusu bei zangu.

Zikapatikana giga thelathini na nane.

"Umeona, dada?" Akageuza kioo nione. "Bure."

Akarudisha kontena. Akafungua orodha ya makaburi. Juu ya ukurasa pale ilipokuwa inaandika elfu moja mia nne na kumi na mbili, iliandika sifuri.

Hakupiga kelele. Aliifunga, akaifungua tena. Akaifunga, akaifungua. Mara ya nne aliondoa mikono kwenye kibodi, akaificha chini ya kaunta kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

"Nini?" nikamwuliza.

"Majina na picha vilikuwa stoo, na stoo zilikuwa hazina wapangaji," akasema. "Niliwatoa mwenyewe. Kwa hiyo ikaziona hazina mwenyewe."

"Zimekwenda?"

"Dada, wewe si hurudisha vitu vilivyofutwa? Nimeona umemrudishia yule wa harusi picha zake."

Nilimrudishia, kweli. Ila yule alikuwa na diski ya zamani, inayozunguka. Ukifuta kitu kwenye diski ya zamani, unang'oa kibao cha barabarani tu, nyumba inabaki mpaka mwingine ajenge juu yake. Diski mpya haisubiri mjenzi. Ukishafuta, inabomoa nyumba yenyewe na kufagia kiwanja, ili iwe nyepesi siku nyingine. Wepesi huo ndio ninaousifia ninapoziuza. Ndio niliomsifia yeye.

Nikaizima kompyuta, nikaitoa diski, nikaifunga kwenye mashine yangu. Siku mbili nilifanya kazi hiyo, duka likiwa nusu limefungwa. Nilipata alama za kampuni, vipande vya muziki, na nusu ya picha moja ya kitabu. Nusu hiyo ilionyesha kidole gumba cha karani kikibana ukurasa. Majina yalikuwa kwenye nusu nyingine. Sikumtoza, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumkabidhi.

Jumamosi alikwenda kwa karani nyumbani kwake. Mzee alikuwa anapaka viatu rangi.

"Mzee wangu, yale majina. Unakumbuka mangapi?"

"Majina yapi?"

"Ya vitabu. Ulinisomea yote kwa mdomo wako."

Karani akaweka brashi chini. "Mwanangu, mimi nilikuwa nasoma. Sikuwa nasikiliza."

Jumatatu akaenda ofisini kwa mkuu wa idara, amejiandaa kwa polisi. Alivaa hata soksi mbili, mkewe aliniambia, maana amesikia rumande kuna baridi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: je, ramani ya barabara nayo imepotea? Haikupotea, ilikuwa kwa wapima.

"Basi kazi inaendelea," mkuu akasema. "Tutabadilisha tangazo. Wenye ndugu waje waonyeshe wenyewe."

Nukta alisubiri afokewe. Alisimama pale mpaka mkuu akamwuliza kama kuna jingine.

Nyumbani hakukwepa. Mkewe alikuwa anapindisha gauni, akasikia yote kupitia pazia.

"Karatasi yangu iko wapi, baba?"

"Nimeipoteza, mama."

"Utaandika nyingine."

"Siwezi. Vitabu vimechomwa, na mimi sikumbuki namba. Safu ni ya tisa. Namba ni thelathini na moja. Au kumi na tatu. Sijui, mama. Kazi yetu hatukariri, tunaiachia mashine."

"Si ulisema umemwona?"

"Nilimwona."

"Sasa umemwonaje mtu, usijue alipo?"



Tangazo lilitoa siku kumi. Nukta alihamia makaburini. Alikaa getini na daftari kuanzia asubuhi mpaka walinzi wanafunga, akimdaka kila anayeingia: unamtafuta nani, alizikwa lini, mlipita njia ipi, mlisimama wapi, nani alikuwa kulia kwenu. Watu walikuja wakapima kwa hatua, wakagombana ndugu kwa ndugu. "Ni hapa!" "Hapa wapi, wewe siku ile ulikuwa umelewa!" Bibi mmoja alimtambua mumewe kwa mzizi uliomkwaza siku ya mazishi. Wengine walipojua ni yeye aliyepoteza orodha walimtukana mbele ya watoto wao, naye akaandika jina la marehemu wao na kuuliza tarehe. Zilipokwisha siku kumi, yalikuwa yamepatikana makaburi mia mbili tisini na manne. Yaliyobaki hesabu mwenyewe. Yeye alishahesabu.

Siku ya safu ya tisa nilikuwepo, kwa sababu mkewe aliniomba gari langu dogo la mizigo limbebe mama na kisanduku. Kisanduku alikitengeneza jirani wa karakana, cha bati jeupe, kidogo, na mama alikibeba mapajani njia nzima. Tulikuta wachimbaji sita na msimamizi mwenye filimbi shingoni. Safu ilikuwa na vituta arobaini na vinne, vingine vimebonyea, vingine hata si vituta.

"Mama, wako yupi?" msimamizi akauliza.

Mama akamtazama mkwewe. Nukta alikuwa anahesabu kutoka njiani, anafika kumi na tatu, anasimama, anaendelea mpaka thelathini na moja, anasimama, anarudi. Lakini njia ilishahamishwa mara mbili, na hakujua karani wa zamani alianzia upande gani.

"Bosi, tuna safu tatu za kumaliza leo," msimamizi akasema.

Nikamvuta Nukta pembeni.

"Onyesha kimoja kifupi. Mama apate pa kulilia, sisi twende."

"Sijui ni kipi, dada."

"Hakuna anayejua. Nani atakuja kukubishia?"

Nilimwambia hivyo kwa sauti ya biashara, ile ninayotumia mteja akiwa karibu kukubali. Na alikuwa karibu. Alitazama kituta kimoja karibu na kile cha kumi na tatu, kifupi, kama cha mtoto. Akakinyooshea mkono.

"Ni huyu, mama."

Mama akaketi chini na kisanduku chake. Wakachimba. Haikuchukua muda, udongo ule ni laini. Mchimbaji aliyekuwa ndani ya shimo akainama, akatoa mfupa wa paja, akaupima kwenye mguu wake mwenyewe. Ulitoka gotini ukafika kwenye nyonga.

"Msimamizi, huyu mtu mzima."

"Mlisema mtoto," msimamizi akatugeukia.

Mama aliuangalia mfupa ule, kisha kisanduku, kama anayelinganisha. Mwishowe akamgeukia Nukta.

"Ulikuwa unabahatisha?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikufundisha?"

Nukta hakunitaja. Angeweza, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nami ningeweza kujitaja. Sikujitaja.

"Mama, tujaribu kingine?" msimamizi akauliza, na, nimpe haki yake, alikuwa ameficha filimbi ndani ya shati. "Hiki hapa pia kifupi."

"Mwanangu si wa kujaribiwa," mama akasema. "Mfukieni mtu wa watu."

"Hatufukii, mama. Akishatoka ametoka. Anakwenda na wenzake."

Safu ya tisa yote ilikwenda na wenzake. Kisanduku kilirudi kwenye gari kitupu, kikigonga kila penye shimo barabarani, mpaka mke wa Nukta akakiwekea mguu juu.

Tangu siku ile mama hakumnunia mkwewe. Alimwitikia salamu na kumsogezea sahani. Ila hakumwita tena kwa jina lolote, na nyumba ya vyumba viwili ni ndogo kwa mtu asiyeitwa.

Nukta hakurudi kwenye kazi zake. Kesho yake alikwenda kwenye kiwanja kipya, nje ya mji, lilikochimbwa shimo la pamoja kando ya ukuta. Siku hiyo ndiyo mifupa ilianza kuletwa kwa magunia, safu kwa safu, na kushushwa. Akasimama ukingoni na daftari lake la getini.

"Unaandika nini wewe?" msimamizi akamwuliza. "Hawa hawana majina."

"Wana safu."

"Safu ya nini tena, chini humu?"

Akaendelea kuandika. Gunia la safu gani, siku gani, limeshuka upande upi, juu ya lipi. Wachimbaji walimcheka, wakamwita karani wa wasio na karani, kisha wakachoka, na mwisho wao wenyewe wakawa wanamtangazia: "Safu ya kumi na tisa, bosi! Upande wa mti!" Siku tano. Watu elfu moja mia moja na kumi na wanane. Ofisi ilipoweka kibao kikaandikwa "zaidi ya elfu moja". Alikwenda kuomba kirekebishwe, wakamwambia rangi imekwisha.

Miezi mitatu ikapita kabla mama hajasema anataka kwenda. Nikawapeleka, yeye na binti yake, na Nukta akapanda nyuma wazi. Palikuwa pameshamwagwa saruji, bamba pana kama sakafu ya nyumba isiyojengwa, halina kivuli. Mama akaketi ukingoni upande wa njia, akanyoosha miguu yake iliyovimba.  Kisha akamwuliza mkwewe bila kugeuka:

"Safu ya tisa iko wapi humu?"

Nukta akatoa daftari, ingawa naamini hakulihitaji. "Ilishushwa siku ya pili, asubuhi. Upande wa ukutani, kwenye pembe. Chini kabisa, juu yake iko ya kumi na ya kumi na moja."

"Unabahatisha?"

"Hapana, mama. Hiyo niliiona kwa macho nikaiandika palepale."

Akaomba mkono, binti yake akamwinua. Akazunguka bamba lote polepole mpaka pembe ya ukutani, akaketi huko. Upande ule jua lilikuwa kali zaidi na ukuta ulikuwa mbali kidogo, hauegemeki. Sisi tulimsubiri garini.